Usimuite Mutu Papa Juu ya Masomo

Ngalula mwanangu,

Mama yako alishakuambia habari ya chumvi, ya kufunga mulango, ya kuanika nguo, ya kulomba Mungu mbele ya kulala na ya banaume ba Lubumbashi. Ile ya banaume aliirudilia mpaka mi mwenyewe nilianza kubaogopa. Kwa hiyo pale sina la kuongeza. Chumvi si kazi yangu.

Mi naandika juu we na mi hatusemezani tangu Papa Donatien, ule wa depo ya mawe, alitoka hapa ku nyumba. Asubuhi unanipitia kama unapita nguzo ya umeme. Sawa. Mutoto anaweza kumunyamazia baba yake, sisi hatuko polisi. Lakini barua utaisoma, najua. We unasoma hata karatasi yenye banafungia sabuni.

Mbele ya yote, angalia mwandiko yangu. Muzuri kupita ya munganga yeyote ya Kolwezi. Niliacha masomo mu secondaire, lakini mukono haikuacha. Ukiona kosa, usitoe kalamu nyekundu. Prof yako anajua kuandika kunishinda, lakini hakuzaa mutoto kama we. Mi nilizaa.

Na nilizaa mapema, ile batu habasahau. Unakumbuka siku tulienda Lubumbashi ku inscription, kuandikisha jina yako ku université? Mi na kiatu cha kuazima, we na kile kitambala cha mama yako ku kichwa. Tulifika ku guichet, kale kadirisha ka kulipia, ule bwana akaangalia nyuma yangu, akaangalia ku mulango, kiisha akaniuliza polepole: "Grand frère, baba ya mutoto iko wapi?" Nilimujibu baba njo mi, nilianza kazi mbele ya saa. We uliuma pembe ya kitambala usicheke. Mu bus tulicheka mpaka ule mama ya pembeni na kuku yake akatugeuzia mugongo.

Lakini ule bwana alikuwa mutu muzuri, alitueleza yote. Nusu ya minerval, ile franga ya masomo, inalipwa ku mwanzo, nusu ingine mbele ya examen, na mwenye hakumaliza haingie mu chumba ya examen. Kiisha akasema, na hakusema kwa ubaya, kama tunajua mutu wa kutusaidia, tumutafute sasa, tusingojee. Mbele ya kufika Likasi we ulishaacha kucheka. Ulikuwa unaangalia inje ku dirisha. Mi nilijua jina yenye ilikuwa mu kichwa yako, juu ilikuwa mu yangu pia.

Sasa nikuambie juu ya ile jina, Papa Donatien.

We unajua hadithi ya shaba na ya Turbo, baba yako. Niliipika mingi hapa ku nyumba, na mafuta, na pilipili. Namna tulitoboa ile kilima, namna tulifika ku jiwe ya kijani kama sombe, majani ya mihogo, namna batu ba mashimo ingine balikuja kusimama pale juu na kutuonea wivu. Yote ni kweli. Mi nilikuwa kijana muzuri, na nilikuwa na nguvu, uliza mama yako. Lakini ile hadithi niliikata ku mukia. Mukia njo hii.

Mu kazi yetu, mbele ya kufika ku jiwe, unatoa udongo. Udongo ya bure. Wiki inapita, mwezi inapita, unatoa udongo tu, na hakuna mutu ananunua udongo. Sasa ile wakati unakula nini? Njo pale sponsor anaingia. Analeta bunga ya kupika, samaki, tochi, kamba, na pompe kama maji inaingia. Hakuna karatasi. Hakuna mutu anasema deni. Anakulisha tu. Na ku mashimo, mutu mwenye kukulisha unamuita papa. Hata kama we ni mukubwa kumushinda. Ni heshima yetu, tuliikuta pale.

Papa Donatien njo alikuwa papa yetu. Na mi nilikuwa mutoto yake namba moja. Akifika na pikipiki, mi njo wa kwanza kupiga kelele kwa furaha, papa, papa. Mi njo nilimubebea kiti. We ulikuwa mutoto muchanga, ulikuwa unalia kama groupe électrogène, ile mashine ya umeme, na ile mwaka ulishikwa na malaria mbaya. Mama yako alifika ku shimo anakimbia, we mu mugongo, kichwa imelegea. Papa Donatien alitupandisha ku pikipiki yake, akalipa hospitali, hakurudi kuisema hata siku moja. Usinisikie vibaya, mwanangu. Ule mutu si mubaya. Kama angekuwa mubaya kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Kiisha tulifika ku jiwe. Tulijaza masac, tukapeleka ku depo yake juu ya barabara ya Mashamba. Yeye alikamata kale kamashine kenye kupima kama shaba iko mingi mu jiwe, akakageuzia upande yake, akaangalia peke yake, akasema bei. Ile bei ilikuwa ya kuchekesha. Jiwe ya kijani, yenye kungaa, anatulipa kama tulimuletea matofali. Fiston, mwenzangu wa shimo, alinipiga na kiwiko, akanitilia mu sikio: uliza, Turbo, uliza akuonyeshe mashine. We unajua kinywa yangu. Kinywa yenye inagombana na polisi ya barabara, na padri, na mama mukwe. Niliifungua niulize. Unajua nini ilitoka?

"Aksanti, papa."

Njo ile tu. Na siku yenye ilifuata, aksanti papa. Na mpaka lile jiwe likaisha mu udongo, aksanti papa. Batu balisema alituibia. Mi nasema hapana. Mutu haulizi papa yake bei, na kinywa yangu nilishamuuzia mbele kwa bunga, siku ya kwanza nilibeba ile kiti. Yeye alikuja kukamata kitu chake tu.

Basi ile Siku ya Mungu, nyuma ya misa, Papa Donatien alipofika hapa na shati nyeupe na akakaa, mama yako akamuletea maji na akapiga magoti kidogo, mi nilikuwa natabasamu sawa kila mutu. Alisema vizuri. Alisema mutaa yetu yote ya Kapata inazungumuza juu ya ule mutoto ya Turbo mwenye kupata points mingi ku diplôme d'État, examen ya kumaliza secondaire. Alisema atalipa myaka yote, mpaka mwisho, na chumba, na ma syllabus ya kusomea, na chakula. We ulisimama ku mulango ya jiko, mikono na sabuni. Mi nilimuuliza kwa heshima: na mutoto atafanya nini?

Alicheka. Alisema, "Turbo, mutoto ni mutoto. Ataniita papa, basi."

Najua we uliwaza nini. Uliwaza: neno moja tu, ile inauma nani? Una haki kuwaza vile, we haujabeba kiti. Lakini mi nilisikia magoti yangu inasimama yenyewe. Nilimuambia ule mutoto papa yake iko, ni mufupi, lakini iko. Mama yako akaangusha kikombe. Papa Donatien hakukasirika, alikamata kofia yake tu, akasema nitarudi kwake. Nikamuambia nitarudi kumuuzia mawe, mutoto hauzwi.

Ilikuwa sauti nzuri, hata we ukubali. Lakini alipotoka ukaniuliza ile swali yako, na uliiuliza mu Swahili, kiisha mu Kifaransa, ili iume mara mbili: "Papa, kiburi yako njo italipa examen yangu?"

Nilitoka inje na mwendo ya mutu mwenye jibu.

Nisikie sasa. Sikuogopa akuoe, kama mama yako alifikiri. Hapana, ule ni mutu ya misa. Niliogopa kitu kidogo zaidi. We unataka agronomie. Batu hapa banacheka, mutoto ya muchimbaji anaenda kujifunza kupanda mahindi. Mi nabaambia mi natoa udongo, mutoto yangu ataurudisha. Sasa waza: mwaka ya pili, papa yako mupya anapiga simu. Anasema, mama, agronomie haina mukate, jifunze mawe, nitakuhitaji ku depo. Hakulazimishi. Anaomba tu, na sauti ile ile yenye ilikupeleka hospitali. Unafungua kinywa umuambie hapana. Mi najua nini itatoka. Kiisha siku moja utakuwa umekaa nyuma ya kale kamashine, na batoto ba shimo, na udongo mu masikio, banakuangalia, na habaulizi, juu banakuita mama.

Kinywa yako ni ya kuuliza. Hata ile swali yako ya ubaya ilikuwa nzuri. Sitaki mutu aikamate na bunga.

Babu yako, ule mwenye kuletwa kutoka Kasai na mama yake mu treni, aliita kampani ya shaba baba. Usicheke, kila mutu ya Kapata alisema vile. Kampani ilikupa nyumba, ilikupa bunga, ilikupa munganga, ililipia batoto masomo na kalamu. Baba gani anafanya kupita pale? Kiisha baba ikaugua, mushahara ikakosa, na nyumba zote za hapa, line kwa line, zikabakia na bazee bamekaa ku mulango banangojea baba apone. Babu yako alingojea mpaka mwisho. Masomo ikawa ya kulipa, na mi nilikuwa darasani.

Préfet, mukubwa ya masomo, alikuja na majina ya benye habakulipa. Alikuwa anasoma polepole, juu macho yake haikuwa nzuri. Mi nilijua yangu inakuja. Basi, kabla afike kwa K, kwa Kazadi, nilisimama. Nilifunga kitabu na kelele, nilisema kitu ya kuchekesha juu ya suruali ya préfet, darasa yote ikalia na kicheko, na nikatoka napiga muluzi. Shujaa. Siku ile ile nilikuwa ku kilima, na koleo ya kuazima. Batu banasema nilifukuzwa masomo. Hapana, mwanangu. Mi nilitoka mbele ya jina yangu. Hakuna mutu alinifukuza, nilibasaidia.

Kulikuwa mwingine ile siku, mutoto mumoja mukimya, Kabamba. Yeye alingojea jina yake isomwe. Kiisha akatoka, akakaa inje chini ya dirisha, daftari juu ya magoti, akaendelea kuandika. Tulimucheka, mi wa kwanza, nilipita na udongo yangu, nikamuuliza kama anaandikia mijusi. Kesho yake, pale pale. Mvua ikinyesha, pale pale, ameweka sahani ku kichwa. Mwisho préfet alichoka kumuona, akamuambia aingie, ilikuwa haya kwa masomo yote. Leo Kabamba ni mwalimu. Mushahara yake inachelewa na kiatu chake kinacheka, lakini akipita barabarani, batu banainuka. Mi nikipita, banashika mifuko.

Sasa nikuambie habari yenye we haujui, juu ulikuwa unaninyamazia.

Kesho ya ile siku Papa Donatien alitoka hapa, nilishuka ku shimo. Unajua desturi yetu: mutu wa équipe, kundi yetu ya shimo, akipatwa na matanga, sac ya kwanza yenye inatoka ile siku ni yake. Hatuulizani. Hata kama juzi mulipigana. Inauzwa, franga inaenda kwa sanduku na kwa chakula ya batu banalia. Basi nilisimama pale chini, na tochi ku kichwa, nikabaambia nataka sac. Bote bakaacha kupiga. Fiston akatoa kofia, akauliza nani alikufa.

Nilisema hakuna. Nilisema, "Tunachimbia benye kufa kila siku. Mara moja tuchimbie mutu muzima."

Eh, balinicheka, Ngalula. Mumoja akasema Turbo alishaanza kunywa asubuhi. Mwingine akauliza kama ni mutoto ya kike, juu ya kike ataolewa, na sac yetu italiwa ku nyumba ya bwana yake. Nilimuambia mama yake pia alikuwa wa kike, na yeye hatukumusikia akilalamika. Ile ilileta kelele kidogo. Lakini Fiston hakucheka. Fiston alikuwa pale siku ya kiwiko, alisikia mi nasema aksanti. Alikaa juu ya jiwe akawaza mpaka tukadhani amelala. Kiisha akauliza, na kama mutoto anaanguka ku examen? Nilimujibu basi tutamulilia, na sac itakuwa ya matanga kweli. Njo pale alicheka, na alipocheka bote bakalainika.

Tulisikilizana hivi. Sac ya kwanza ya kila wiki ni ya we. Tunaiuza ku depo ingine, si ya Papa Donatien, na tunaenda babili-babili, mumoja anabeba, mumoja anasimama nyuma ya mashine na kusoma. Ukimaliza, inakuwa ya Trésor, mutoto ya Fiston, ule mwenye kukuandikia barua mbaya za mapendo. Kisha Trésor, mwingine. Shimo ikikauka tunahama na sac yetu. Hakuna mutu pale atakuuliza umuite papa. Benyewe habajui agronomie ni nini, mumoja anafikiri ni bendi ya muziki.

Njo jibu ya swali yako. Kiburi yangu hailipe, una haki. Lakini haiko yangu peke yangu tena.

Sikudanganye: nusu ya kwanza tulishailipa na franga ya mikate ya mama yako, lakini ya pili inaweza isitoshe. Kuna wiki jiwe inajificha. Mama yako hajanisamehe, lakini jana alikaanga mikate ya kuuza kupita siku zote, na hakuniambia juu ya nini. Tutafanya. Na kama siku ya examen inafika na nusu ya pili haijatosha, fanya kama Kabamba, usifanye kama baba yako. Usisimame mbele ya jina yako. Acha baisome. Acha ule mwenye kusoma asikie haya ya kuisoma. Kiisha enda ku guichet, kwa ule bwana yetu, ulombe siku, umuonyeshe kile tulishalipa. Akisema hapana, kaa ku mulango na daftari. Utakuta hauko peke yako pale inje, kuna batoto ba Likasi, ba Kasenga, ba Dilolo, benye baba zao banauza makala na mihogo. Juaneni majina. Someni syllabus moja bote, pikeni mu chungu moja, ingieni kwa mukubwa bote pamoja. Masikini mumoja banamuhurumia, masikini mingi banabasikiliza.

Na usione haya. Kila siku malori inapita hapa na mawe yetu, mchana na usiku, mpaka vumbi inaingia mu sufuria. Inavuka mpaka, inaenda inchi za batu, na hakuna mutu anaisimamisha ku mulango na kuiuliza kama imelipa minerval. Mutoto mwenye kuzaliwa juu ya ile mawe njo anaulizwa. Basi akiulizwa, ajibu na kichwa juu.

Kesho sitafika ku bus. Mama yako na badogo yako batakusindikiza. Usinitafute na macho. Kesho njo siku ya sac ya kwanza, na nilisema mbele ya bote nitashuka mbele yao, na we unajua mi siwezi kurudisha neno yenye nilisema na sauti kubwa. Wakati bus inaondoka nitakuwa chini, na udongo mu meno, nakuimbia vibaya. Kama ungali na hasira, panda nayo. Hasira hailipiwe kama muzigo.

Kule, siku moja, batakuuliza nani anakulipia. Batakuwa banangojea jina ya mukubwa, ya papa fulani. Sema: batu ba shimo moja ku Kolwezi. Bakisema ile si jibu, simama pale pale mpaka ikuwe jibu.

Baba yako,
Kazadi, ule banaita Turbo